Saa ya Kidonge

Siku ya tano sijapata choo.
Nyaboke wa duka la dawa ananitilia vidonge viwili
katika bahasha ndogo ya kaki.
"Meza usiku ukienda kulala," asema,
"hesabu masaa manane, mambo yatajipa."

Usiku mimi siendi kulala.
Usiku nakaa langoni, bohari la Lunga Lunga,
rungu, tochi, kitabu cha magari,
na lango haliachwi,
hata ukibanwa.
Miaka kumi na miwili nimejibana.
Mkate mkavu, chai ya chupa, kujibana.
Tumbo nalo limejifunza kazi yangu.

Napiga hesabu kwa vidole.
Nikimeza saa tatu usiku
itanikuta saa kumi na moja alfajiri,
malori ya unga yakipiga honi.
La.
Nikimeza saa moja asubuhi nikitoka zamu
itanikuta saa tisa mchana, Pipeline,
ghorofa ya sita, vyumba tisa, choo kimoja,
watoto ndio wanatoka shule,
na ufunguo, umefungwa kamba ya kiatu,
uko kwa Mama Kasyoka,
ambaye hatoi ufunguo bila mahojiano.
Kesho kutwa je?

Jumapili!
Saa tatu hadi saa saba ghorofa nzima iko kanisani,
Mama Kasyoka kwenye kwaya, sauti ya kwanza.
Maji ni Jumanne na Ijumaa;
leo Ijumaa, nimejaza madumu mawili,
nimeyasukuma chini ya kitanda kama mahari.

Natoa manane kwenye saa nne asubuhi:
saa nane usiku.
Basi saa nane ya usiku ule, baridi ya Nairobi ikiuma masikio,
mbwa wa kampuni akinitazama
kama shahidi wa harusi ya siri,
nikameza.
Kimoja. Kisha, kwa woga, na cha pili.

Saa nne, kimya. Ukumbi mtupu,
harufu ya vitunguu vya watu wengine.
Saa nne na nusu, kimya.
Saa tano kasoro nikaanza kumtukana Nyaboke,
sikumaliza jina.
Dumu mkono huu, ufunguo mkono huu, ndara moja imebaki mlangoni.

Lango likafunguka.
Na mimi, bawabu wa miaka kumi na miwili,
sikuuliza nani anatoka, kabeba nini, anaenda wapi.
Nikaacha yote yapite
bila kuandika.