Milionea Mwenye Shanta

Mtu wa dirishani alihesabu mara mbili, akanisukumia mrundo:
kwa noti moja ya dola mia niliyoilaza chini ya soksi
nina milioni moja, laki tano na chenji.
Jakarta imenitajirisha kabla sijanawa uso.

Utajiri wenyewe una masharti.
Kitanda cha juu, jirani na feni, elfu tisini kwa usiku;
cha chini kalala Mpolandi anayekoroma kwa mafungu.
Siku kumi na moja. Nikagawanya nyuma ya tiketi ya ndege,
nikatoa kitanda, nikagawanya tena kwa matumaini,
jibu likakataa kunenepa: elfu arobaini na sita kwa siku,
kula, kunywa, kupanda, kushuka na kushangaa.

Kushangaa ni bure. Nikaanza na hilo.

Nikashangaa Pasar Senen, mitumba imetundikwa hadi darini,
koti zito la sufu likimngoja nani kwenye joto hili?
Nikashangaa ondel-ondel, sanamu refu kupita mlango,
likicheza barabarani kwa sarafu za madereva,
kisha likaketi ukingoni, likafunuka tumboni,
akatoka kijana mwembamba, jasho tupu,
akaomba kiberiti.
Nikajifunza kuvuka: unashusha kiganja
kama unayemtuliza mbwa usiyemjua,
hukimbii, husiti,
na pikipiki zinakupita huku na huku.
Ukisita tu, umeharibu hesabu ya watu arobaini.

Nilikuja na maneno matano ya kukariri.
Kumbe mengine nilikuwa nayo mfukoni siku zote:
nikisema sabuni, muuzaji anang'oa irabu ya mwisho, ananipa sabuni.
Meza kwao ni meja. Dunia ni dunia. Bendera ni bendera.
Apa kabar? wananiuliza,
nami naijibu ile habari iliyomo ndani,
nzuri, nzuri,
wanacheka, nacheka, hakuna aliyelipa.

Bu Ngatinem nilimkuta uchochoroni nyuma ya reli:
chupa nane ndani ya tenga, tenga ndani ya batiki,
batiki fundo moja kifuani.
Mzigo wake umelizidi shanta langu,
na anayetweta ni mimi.
Manjano na ukwaju, glasi moja, elfu tano.
Nikasema tatu.
Mwongozo wa wasafiri uliniusia: patana, usione haya.
Akanitazama viatu.
Akaiambia chupa neno la Kijava, si mimi,
akamimina.

Nikaunywa ushindi wangu, mchungu, mchachu, hadi tone.
Ndipo akaja binti wa sekondari, shati jeupe, sketi ya kijivu,
akatoa elfu tano bila kuulizwa,
akanywa, akafuta midomo, akawahi darasa.

Usiku ile elfu mbili ilipanda ngazi ikalala nami.
Kwa pesa za kwetu haifiki mbali, andazi moja, labda na nusu,
lakini ilijua kugeuka-geuka.
Hata Mpolandi alinyamaza akasikiliza.

Asubuhi nikarudi uchochoroni.
Sura yangu hakuikumbuka; viatu alivikumbuka.
Nikanyoosha noti: ya jana, Bu, ya jana.
Akaishika, akaigeuza, akacheka na jirani anayekaanga tempe,
akasema neno moja, rezeki,
na sikuhitaji kamusi.
Ila hakusema ya nani,
yake iliyochelewa au yangu iliyowahi.
Akachukua glasi ndogo, akanimiminia maji ya mchele yenye tangawizi na sukari,
yale wanayopewa wateja kufuta uchungu wa dawa.
Jana hakunipa.

Nyuma ya tiketi nimeandika: deni, elfu mbili.
Zimebaki arobaini na nne, na jua halijafika hata kwenye paa la stesheni.
Treni ya Kota ni elfu tatu.
Nalibana shanta mbele kama wanavyofanya wenyeji,
ulimi bado mtamu,
napanda.