Maji ya Uvuguvugu

Tangi la darini, gesti ya Mama Tumpale, Uyole,
nililifunga mimi.
Na joto nililishusha mimi,
aliposema, "Andongwisye, luku inaliwa kama njugu,
yaache ya uvuguvugu tu, ya kumwogeshea mtoto."
Nikazungusha kidude. Nikalipwa elfu kumi na tano.

Julai ya Mbeya haibishi hodi.
Wageni waliingia bafuni wakitetemeka,
wakasimama chini ya bomba mpaka kioo kikatoka jasho,
wakivuta ule mvuke kwa pua na mdomo
kama mtu anayefunua chungu cha makande.

Chengula, mnunuzi wa mbegu za viazi, wa Makete,
alilala chumba namba saba, siku nne.
Alioga asubuhi, akaoga jioni.
Wiki haijaisha yuko kitandani kwa dada yake:
homa, kichwa, tumbo linaendesha,
na ubavuni kisu kila anapovuta pumzi.

Kichomi, wakasema.
Wakamdunga sindano, wakampa vidonge vya rangi mbili.
Ni baridi ya Kitulo. Ni moshi wa kuni. Ni sigara zake.
Dawa ikateleza juu yake kama mvua kwenye bati.

Tabibu Sekela hakuuliza nani alikohoa karibu naye.
Aliuliza, "Ulioga wapi?"
Chengula alitaka kucheka, kifua kikamkataza.
"Niliyaoga, daktari. Sikuyanywa."
"Hukuyanywa," akasema. "Uliyavuta."
Akambadilishia dawa usiku ule ule.

Kisha akaja na chupa zake, tukapanda darini.
Nilifunua mfuniko.
Kutu. Utelezi ukutani, laini kama ulimi.
Nikatia kidole: maji yalikuwa mazuri,
kweli kabisa ya kumwogeshea mtoto.
Joto linalolea mtoto
halichagui cha kulea.

Chupa zilipelekwa Dar es Salaam. Majibu hayajarudi.
Nimesugua tangi, nimepandisha joto mpaka maji yanaunguza,
na Mama Tumpale ananinunia kila akinunua umeme.

Chengula amepona. Jana ametuma debe la viazi:
"Mpeni na yule fundi, alinibebea mizigo."
Hajui kingine mkono huu ulichofanya.
Debe liko jikoni, penye joto kidogo, karibu na jiko.
Viazi vimeanza kuchipua.
Sijavipika.