Begi Lina Nafasi Mbili

Lenzi tatu kitandani, gesti ya Mwanga, Kigoma,
na begi lenye nafasi mbili.

Ile ndefu, ya kuvuta,
nzito kama kilo mbili za unga wa muhogo,
jana niliibeba hadi Kibirizi.
Nikasimama juu barabarani, mbali,
nikamvuta Yustina Ntahondi akigeuza dagaa
hadi magamba ya kwenye kope zake nikayahesabu.
Akainua uso:
"Wewe wa huko! Unapiga picha au unachungulia?"

Nikashuka, nikamwonyesha.
Akaangua kicheko, akaita wenzake:
"Jamani, kachukua pua,
dagaa wangu kawaacha!"

Usiku huu nafuta vioo, napima.
Ile pana inameza vyote:
vichanja, ziwa, milima ya Kongo ng'ambo,
na vidole vyangu vya miguu nikizubaa.
Ya hamsini haina uchawi.
Ukitaka karibu, tembea.
Ukitaka mbali, rudi kinyumenyume,
na uangalie usikanyage dagaa wa mtu.

Sokwe wa Gombe wanisamehe.
Keshokutwa watakuwa madoa meusi majanini,
na shemeji yangu wa Tabora ataikodolea picha:
"Sokwe mwenyewe yuko wapi?"
Nitanyoosha kidole. Hapo.
Hapana, hapo.

Ndefu naiviringisha kwenye fulana,
italala mapokezi, chini ya daftari la wageni.
Kesho saa kumi na mbili alfajiri
kuna mtu kanionyesha pa kusimama.