Daftari la Milio

Mwalimu Oswald Nampoto hakusema "gari bovu."
Alitoa daftari la hesabu, lile la miraba,
jaladani limeandikwa PIJO 504,
akalifungua juu ya boneti, akalilaza kwa kiganja:
tarehe, mahali, mwendo, mlio.

     Kitangari, tuta la pili: ngo.
     Nagaga, kona ya kushoto: nyiii, mlango wa stoo.
     Usiku, nikikanyaga breki,
     taa za dashibodi zinaamka zenyewe.

Miaka kumi na minne nalala chini ya magari hapa Mkuti,
sijapata kuletewa mgonjwa mwenye cheti kama hiki.
Wengine huja na "Fundi Somoe, inalia."
Inalia vipi? Wanaiga kwa mdomo:
mtu mzima, na koti lake,
anabweka uani kwangu.

Nilianza na bega la mbele. Nikaliegemea, nikaliachia.
Gari zima hupanda mara moja, likatulia.
Hili lilipanda, likashuka, likapanda tena,
linaitikia, linaitikia,
kama mtu asiyejua kukataa.
Shokapu kwisha, nikamwambia. Akaandika.
Mchopa akajipenyeza chini na mtaimbo,
akaichokonoa bushi ya mkono wa chini:
mpira umekuwa ukoko wa sufuria.
Nyiii yako hiyo, mwalimu. Akaandika.

Umeme ulinila mchana mzima.
Fyuzi nzima. Swichi nzima. Betri haina neno.
Nyuma ya taa ya kushoto ndipo nilipouona
waya wa erthi, kutu ya kijani imeutafuna,
zimebaki nyuzi tatu.
Umeme una kwao, nikamwambia.
Ukishawasha taa unataka kurudi.
Ukiukatia njia haulali porini:
utapita uani kwa jirani,
utamwamsha asiyehusika.
Akacheka, mara ya kwanza tangu aje.
Nikakwangua bati kwa msasa mpaka likaniona uso,
nikafunga boliti mpya.

Kesho yake shokapu mpya, bushi mpya.
Tukajaribu. Tuta la stendi:
ngo.

Nikatukana kidogo, kwa Kimwera, asisikie.
Kaa kushoto, nikasema, niendeshe mimi.
Alisita. Akakipangusa kiti kile kwa kiganja,
na vumbi hakikuwa nalo.
Tuta la stendi: kimya.
La pili: kimya.
Shuka. Akashuka,
akasimama kando ya muuza vocha, daftari kifuani.
Nikarudi peke yangu: ngo.
Akapanda: kimya.

Chini ya kiti kile kuna jeki, kibano chake kimekatika.
Mtu akikaa, springi za kiti huishika.
Asipokaa, inaruka.

Nikachukua daftari nitafute ngo ilipoanza.
Tarehe tisa Juni.
Kabla ya hapo, kurasa kumi na moja za nyiii,
na mwandiko si wake:
wa mviringo, umeyumbayumba,
herufi zimerukia mistari ya juu
mahali penye mashimo.
Nikatazama usukani. Nikatazama kile kiti.
Anayeendesha haandiki.

Sikuuliza.
Nikaizungushia jeki mpira wa tyubu ya baiskeli,
nikaikaza, nikapiga kiti ngumi: haikujibu.
Shokapu mbili, bushi nne, waya, ufundi.
Jeki sikuitia kwenye hesabu.
Alilipa noti moja moja, pesa ya korosho ya msimu uliopita,
bado imekunjwa kama ilivyotoka chamani.

Akainama juu ya boneti, akaandika mstari,
akaufuta kwa kidole,
akaandika tena. Sikuchungulia.

Alipokata kona kuelekea barabara ya Newala
nilitazama taa za breki: mbili, nyekundu, sawasawa.
Indiketa ya kushoto tu ndiyo aliyoisahau.
Ilikwenda inakonyeza, inakonyeza,
na kushoto hakuna njia.

Mchopa akataka kupiga mluzi kumwita.
Nikamwambia, hiyo si mbovu.
Lete spana kumi na saba.