Chaneli ya Kulia

Duka la Mwanjelwa, ukishaipita Kabwe, lina kibao:
LETE CHAKAVU, ONGEZA PESA, BEBA MPYA.
Nikaipeleka amplifaya kwa bajaji,
nimeifunga kitenge kama mtoto mwenye homa,
spika moja huku, moja kule, nimezipakata.

Kijana wa kaunta hakuiwasha.
Aliipindua, akasoma namba ya mgongoni,
akabonyeza kikokotoo kwa kidole gumba.
"Elfu hamsini, mama. Tunaikata kwenye bei ya sabufa."
Na sabufa ikawasha taa zake, nyekundu, buluu,
ikanipiga kifuani ngumi moja ya besi
kisha ikanyamaza.

Nikasema, hujaisikiliza.
Akasema, hatusikilizi, mama, tunaangalia soko.
Hakuwa na ubaya. Nyuma yake rafu ilijaa redio za watu
kama viatu mlangoni pa msiba.
Na hamsini mkononi ni hamsini,
huna wa kukupigia simu usiku.
Nilikaribia kukubali.

Ila niliinunua mwaka tisini na tatu
kwa fundi wa Tazara, pale Iyunga,
aliyeivusha kutoka Kapiri Mposhi chini ya kiti,
kwa sare kumi na tisa za shule
nilizozishona kwa taa ya chemli.
Nikairudisha Ilomba. Bajaji akanidai mara mbili.

Nikatangaza: laki na nusu.
Akaja mtu wa baa, akafungulia sauti
hadi kuku wa jirani wakahama,
akasema nitarudi jioni. Jioni ipi, hakusema.
Akaja mwingine na nusu ya pesa na hadithi nzima.
Mama mmoja alikuja kutazama tu, akanywa chai vikombe viwili.
Wa nne aliuliza kama mbao za spika
zingefaa banda la sungura.
Mwezi ukakatika. Binti yangu akaacha kusema "nilikwambia,"
akawa anaiangalia tu,
kama mtu anavyoangalia mvua ya Mei
na nguo bado ziko kwenye beseni.

Ndipo akaja Mwashiuya, mkulima wa viazi,
kutoka Ilembo, ukungu bado umo kwenye koti lake.
Alikuwa na kaseti yake kwapani, anaipasha joto.
Akaiweka. Akapunguza sauti,
akapunguza tena, hadi ikabaki ya kunong'ona,
akasogeza sikio.
"Mashine mbaya hujificha kwenye kelele," akasema.

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo.
Nikamwambia: chaneli ya kulia hukata baridi ikizidi.
Nikamwambia: kitasa cha besi kina mchanga, usikizungushe kwa hasira.
Kitambaa cha spika hii si chake, ni bitana ya sare,
panya alikula kile cha kwanza mwaka ule wa msiba wetu.
Kila nilichokiri kiliondoka na elfu kumi.
Dukani hakuna aliyeniuliza lolote;
hapa, kwa mdomo wangu mwenyewe,
ninashuka bei ngazi kwa ngazi.

Tukasimama kwenye sabini
na gunia la viazi, gunia la haki, si lumbesa.
Toa bajaji, toa chai, toa ule mwezi:
binti yangu alipiga hesabu ubaoni kwa kisu,
akacheka, akaendelea kumenya.

Juni, saa tatu usiku, simu ikaita.
"Mama, ya kulia imekata."
Nyuma yake nilisikia ya kushoto ikiendelea peke yake,
gitaa bila mwimbaji.
"Ipige kofi," nikasema. "Si juu.
Ubavuni, pale rangi ilipokwisha."
Kofi la kwanza lilikuwa la mtu anayefukuza mbuzi.
"Taratibu, Mwashiuya."
La pili likafanana na langu.