Kisiki Nyuma ya Sauna

Miaka thelathini na moja nilichemsha miti.
Magadi makali, salfa, mvuke wa nyuzi mia na sabini,
na uvundo ulioingia hata ndani ya mkate;
hapa Valkeakoski tuliuita harufu ya mshahara.
Nilidhani ubao husalimu amri hivyo tu:
kwa moto, kwa chuma, kwa zamu tatu bila Jumapili.

Sasa kiwanda kimefungwa, nami nina kisiki cha mbetula
chenye kuvu nyeupe, kinalainika
katika baridi ya Oktoba
bila hata njiti moja ya kiberiti.
Nakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kinazama.

“Nani anachemsha humu?” nikamuuliza Venla,
mjukuu wangu anayesomea vimeng'enya.
Hakutafuta karatasi. Aliichukua soksi
aliyoiacha Hilkka kwenye sindano, kisigino hakijapinda,
akanitazama kwanza. Nikaitikia kwa kichwa.

“Ukuta wa mmea ni ufumaji, babu.
Selulosi ndiyo uzi, umelazwa bega kwa bega,
maji yenyewe hayapati upenyo.
Umefunikwa na vitawi vya sukari nyingine:
kuna wa kuvipogoa, uzi uonekane.
Kuna wa kukata katikati, popote, kama mkasi wa mtoto,
ila kila akatapo, ncha mbili huzaliwa,
na mla ncha alikuwa akizingoja.
Hushika moja, haachii, hutembea juu ya uzi
akidondosha sukari mbilimbili, zimeshikana mikono.
Pacha hao wakirundikana, humkaba aliyewadondosha.
Ndipo aje yule mdogo, wa mwisho, kuwatenganisha.”

Huyo wa mwisho namjua.
Aliitwa Rauno, kwenye mashine ya kukaushia.
Siku alipougua, rojo lilifurika hadi kwetu,
tukasimama, sisi mabingwa, mikono mifukoni.
Hakuna aliyekwenda kumjulia hali.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa;
lakini vidole hivi havina kiganja, havina msimamizi,
havijuani kwa majina.
Kila kimoja huacha jeraha
ambalo mwenzake huliita mlango.

Venla alikuwa ameshafumua safu nne.
Nikamwambia basi, inatosha.
Kipande cha uzi nilikilaza juu ya kisiki,
kwenye ile kuvu.
“Sufu hawaiwezi, babu,” akasema taratibu.
“Hiyo inataka wengine kabisa.”

Najua, nikamjibu, na sikuwa najua.
Iache hapo.