Ukurasa wa Pili

Chema chajiuza, wanasema.
Aliyesema hakuwahi kuwa dalali wa nyumba Moose Jaw
mwezi wa pili, nyuzijoto thelathini chini ya sifuri,
kufuli limeganda, nami nalipulizia pumzi
kama mtu anayelazimishwa kumbusu shemeji.

Miaka mitatu nilikaa ukurasa wa pili.
Ungeandika kwenye simu "nyumba Moose Jaw",
wangetokea kwanza wenye meno meupe,
kampuni yenye ofisi tatu na droni yake.
Mimi, Lorna Hrycak, nilikuwa huko chini,
baada ya tangazo la fundi bomba
aliyefariki mwaka juzi.

Mpwa wangu Tavish akanikalisha kitako.
Shangazi, mashine haioni nyumba, inasoma maneno.
Taja mtaa, taja shule, bandika alama ya reli,
mjibu kila mtu, hata mwehu.
Na jina liwe moja: huku Lorna H., kule Lorna Nyumba,
mashine inadhani mko wawili,
na wote wawili hamna maana.

Nikatii. Nikapiga picha mapazia. Nikapiga picha keki.
Nikaandika "nyumba ya ndoto" mara arobaini na moja.
Waliopenda: Tavish, mama,
na mtu fulani wa Antwerp anayeuza miwani.

Kisha ikaja nyumba ya Orville Stadnyk, mtaa wa Caribou.
Mkewe kafa, yeye yuko kwenye makao ya wazee,
anasubiri pesa.
Nilikusudia kurekodi jiko.
Sijui ni uchovu, sijui ni nini,
miguu ikashuka ngazi, kamera inawaka,
nikasikia sauti yangu ikisema:

Huu mstari ukutani, rangi ya chai ya maziwa,
ndipo maji hufika theluji ikiyeyuka.
Pampu ipo, ina miaka sita,
inakoroma kama mjomba baada ya Krismasi.
Ukiweka sofa hapa, utalia.
Ukiweka rafu, utaishi.

Nikaituma. Nikalala.

Na kibaya kikajitembeza kweli:
kikafika Regina, kikafika Brandon,
kikaingia vitandani mwa watu saa nane za usiku.
Kumbe walikuwa macho, wanainong'onezea simu:
*ukuta unatoa jasho, nifanyeje,
dalali anaweza kunificha unyevu,
pampu ya maji hudumu miaka mingapi.*
Hakuna aliyeuliza habari ya ndoto.
Mtu hutafuta anachokiogopa,
na mimi, bila kujua, nilikuwa nimekitaja kwa jina,
na mtaa wake.

Mwezi wa tatu nikapanda ukurasa wa kwanza,
juu ya meno yote.
Wauzaji wawili wakanipigia siku hiyohiyo:
Usije kwangu na hiyo kamera yako.

Orville naye akapiga. Muuguzi kamwonyesha.
Nikajiandaa kwa matusi.
Akakohoa kwanza, bila haraka.
Umesema pampu ina miaka sita, akasema.
Ina tisa. Sahihisha.

Nikasahihisha, hadharani, kwa herufi kubwa.
Ni lile sahihisho lililomleta Marivic Abarquez na mumewe,
wamevaa mabuti ya mpira, wana futi ya kupimia,
wakapima mstari, wakapima kimo cha rafu,
wakanong'onezana Kitagalogi,
wakatia sahihi juu ya mashine ya kufulia.

Usiku huu nimejitafuta mwenyewe.
Niko wa kwanza. Chini ya jina langu
mashine imepanga maswali ambayo watu huuliza:
ada yake ni asilimia ngapi,
yuko wazi Jumapili,
Lorna Hrycak ni mkweli?
Hilo la mwisho sijalifungua.

Nje paa limeanza kudondosha.
Tone. Kimya. Tone.
Mwezi wa nne unakuja,
na kwangu pia, nyuma ya maboksi ya Krismasi,
kuna mstari ukutani
ambao sijaupiga picha.